Kutunza Kumbukumbu za Kazi ya Rangi: Mwongozo kwa Wenye Nyumba wa Nairobi

Kazi ya kupaka rangi ina tabia moja inayoitofautisha na kazi nyingine za nyumba: kila hatua huizika ile iliyoitangulia. Fundi wa mabomba akifunga koki vibaya, koki hubaki pale pale na maji huvuja ukiyaona. Fundi wa rangi akiruka kusugua ukuta kwa msasa, au akipaka mara moja pale mlipokubaliana mara mbili, kosa lake hufunikwa siku hiyo hiyo na rangi inayopendeza macho, na huenda usilitambue mpaka mvua za Machi zianze na ukuta utoe malengelenge. Kufikia hapo fundi amekwisha kulipwa, mpangaji amehamia, na ubishi unaozuka unahusu mambo yaliyofanyika chini ya rangi, ambayo hakuna aliyeyaandika. Ndiyo maana kumbukumbu za kumfaa mwenye nyumba ni zile anazozichukua kabla ya kazi kuanza na wakati kazi inaendelea. Picha za rangi iliyobanduka huthibitisha tu kwamba imebanduka, jambo ambalo hata fundi mwenyewe halikatai.

Nililijua hili kwa hasara. Nina nyumba chache za kupangisha upande wa Donholm, na mara ya kwanza nilipozipaka upya tulipatana na fundi kwa mdomo, nikamlipa, tukaagana vizuri. Baada ya miezi minne rangi ya jikoni na ya korido ilianza kuachana na ukuta kama ganda la yai. Nilimwita nikamwonyesha picha zaidi ya arobaini, naye akaniuliza swali moja tu: "Mzee, unayo picha ya huu ukuta kabla sijaugusa?" Sikuwa nayo. Yeye alishikilia kwamba unyevu ulikuwamo ukutani tangu awali, mimi nikashikilia kwamba alipaka rangi ya maji juu ya rangi ya zamani ya mafuta bila kuisugua, na mpaka leo siwezi kuapa ni nani kati yetu aliyekuwa na haki.

Ukuta kabla ya kuguswa

Anza na picha za kila chumba kikiwa kitupu, mchana, madirisha yakiwa wazi. Piga kwanza ukuta mzima kutoka pembe moja hadi nyingine, kisha usogelee kila ufa, kila doa, kila mahali rangi ya zamani imefura. Weka ndani ya picha karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene nambari ya nyumba, jina la chumba na tarehe, kwa sababu kuta nyeupe za nyumba nane hufanana zote baada ya mwaka mmoja. Baada ya picha za kawaida, funga mapazia, washa tochi na uishike sambamba na ukuta ili mwanga uparuze juu yake kwa ubavu. Mabonde, viraka vya plasta na alama za roli, ambazo mwanga wa mbele huzificha, hujitokeza. Picha hizo za tochi ndizo zitakazokusaidia baadaye ukiambiwa kwamba mawimbi unayoyalalamikia yalikuwa ya plasta tangu mwanzo. Wakati mwingine zitamsaidia fundi dhidi yako, na hilo pia ni haki.

Unyevu unastahili ukurasa wake. Bandika kipande cha nailoni angavu, cha nusu mita kwa nusu mita, kwenye ukuta unaoushuku, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta ukungu upande wa nje tu, ni hewa ya chumba. Piga picha, andika saa uliyobandika na saa uliyobandua. Ukuta uliopakana na bafu, ukuta ulio chini ya paa la zege na ukuta wa ghorofa ya chini unaogusana na udongo ndio wa kupimwa kwanza. Ikiwa kuna plasta mpya, andika tarehe ilipopigwa, kwa kuwa plasta huhitaji takriban wiki nne kukauka kabla ya kupakwa rangi, na ikipakwa mapema chumvi yake hutoka nje kama unga mweupe ambao baadaye kila mtu atamlaumu mwenzake kwa ajili yake.

Andika pia aina ya rangi iliyopo. Kipande cha kitambaa kilicholowekwa spiriti na kusuguliwa ukutani hutosha: rangi ya maji kwa kawaida hulainika na kuacha alama kitambaani, ya mafuta haitikisiki. Katika nyumba nyingi za zamani za Nairobi jikoni na korido zilipakwa glosi, yaani rangi ya mafuta inayong'aa, hadi usawa wa kifua ili zioshwe kwa urahisi, na hapo ndipo rangi mpya hubanduka zaidi.

Kuandika maana ya kazi nzuri

Makubaliano ya mdomo ni halali, lakini hayasomeki. Huna haja ya mkataba wa kurasa kumi. Ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na nyinyi wawili, au hata ujumbe wa WhatsApp ambao fundi ameujibu kwa kukubali, unatosha mradi tu unasema kazi ni nini kwa maneno yanayopimika. "Kupaka rangi vizuri" hakupimiki. Mimi hutuma ujumbe wa namna hii kabla ya kutoa senti ya kwanza (andakoti ni tabaka la chini la kushikisha rangi, na emalshoni ni rangi ya maji ya ukutani):

"Fundi, habari za asubuhi. Nathibitisha tulivyopatana. Nyumba nambari 4, vyumba viwili, sebule, jikoni na korido. Rangi ya zamani iliyolegea itakwanguliwa yote. Nyufa zitazibwa kwa fila na kusuguliwa. Glosi ya jikoni na ya korido itasuguliwa kwa msasa mpaka mng'aro uishe, kisha ipakwe andakoti. Kuta zitapakwa emalshoni mara mbili juu ya hapo, na tabaka la kwanza litakauka kwanza. Rangi nanunua mimi. Utanijulisha kabla ya kila hatua kufunikwa ili niione. Kazi siku saba. Malipo kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya mvua. Ukikubali nijibu ndiyo."

Sentensi ya kumtaka akujulishe kabla ya hatua kufunikwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Ikiwa hukuja kutazama baada ya kujulishwa, kosa ni lako. Ikiwa hakukujulisha, ujumbe huo utakuwa shahidi wako.

Kama ni fundi ananunua rangi, taja aina, daraja na jina la kampuni, kwa maana tofauti ya bei kati ya emalshoni ya bei nafuu na ile inayostahimili kuoshwa ni kubwa, na ukutani siku ya kwanza zote mbili huonekana sawa. Rangi iliyochanganywa kwa mashine dukani huwa na nambari ya mchanganyiko kwenye kibandiko cha mfuniko. Ipige picha kabla mfuniko haujachafuka, pamoja na nambari ya toleo la kiwandani, maana ndoo mbili za toleo tofauti zaweza kupishana rangi kidogo, na ubishi wa "ukuta huu una rangi mbili" humalizwa na picha hiyo.

Kuna mbinu mbili za kale ambazo hazigharimu chochote. Ya kwanza ni kuomba tabaka la kwanza litiwe rangi kidogo tofauti na la pili, hivyo kila mahali palipopakwa mara moja pataonekana wazi. Ya pili ni ngazi ya rangi: ndani ya kabati la ukutani, mahali pasipoonekana, acha kipande cha upana wa viganja vinne, cha kwanza kikiwa ukuta uliosuguliwa tu, cha pili kikiwa na andakoti, cha tatu kikiwa na tabaka moja na cha nne kikiwa na mawili. Hiyo ngazi ni ushahidi ambao hauwezi kufutwa kwenye simu.

Hesabu ya ndoo

Wenye nyumba wengi huhesabu siku na fedha, wachache huhesabu lita, ilhali lita ndizo zinazosema kweli. Emalshoni ya kawaida hufunika karibu mita kumi za mraba kwa lita moja kwa tabaka moja, ukuta ukiwa laini. Ukuta mkavu wa plasta ghafi hunywa zaidi. Chukua sebule ya mita 4 kwa mita 3.5 yenye kimo cha mita 2.6. Mzunguko wake ni mita 15, kwa hiyo kuta zake ni mita 39 za mraba. Toa mita 5 za mlango na dirisha, zinabaki 34. Mara mbili ni 68, yaani lita 7 hivi. Fundi akimaliza sebule hiyo kwa mkebe mmoja wa lita 4 na kusema amepaka mara mbili, ama amepaka mara moja, ama ameongeza maji kupita kiasi kilichoandikwa kwenye mkebe. Huna haja ya kumwita mwongo, mwonyeshe hesabu.

Ili hesabu hiyo isimame, unahitaji mambo matatu: vipimo vya kila chumba vilivyoandikwa kabla ya kazi, stakabadhi za rangi zote zilizonunuliwa, na picha ya ndoo na mikebe yote iliyobaki siku kazi ilipoisha, mifuniko ikiwa wazi. Stakabadhi ya hadiwea iliyochapishwa kwenye karatasi laini hufifia baada ya miezi michache, hasa ikikaa kwenye gari lililoegeshwa juani, kwa hiyo ipige picha au uitoe nakala siku hiyo hiyo. Rangi iliyobaki isimwagwe yote. Jaza chupa ndogo ya kioo, uifunge vizuri na kuibandika jina la nyumba na tarehe. Itatumika kuziba mikwaruzo, na ikibidi itapelekwa kwa mtu anayejua rangi ili ailinganishe na iliyoko ukutani.

Daftari la kila siku

Tumia daftari la kawaida lenye kurasa zilizoshonwa, lisilochomolewa karatasi. Kila siku ya kazi andika tarehe, nani alikuja, saa alizoanza na kumaliza, alichofanya katika kila chumba, na hali ya hewa. Hali ya hewa si pambo. Julai ya Nairobi ina baridi na mawingu ya kutwa nzima, na rangi ambayo Februari hukauka kwa saa mbili huweza kuchukua nusu siku. Katika mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, ukuta wa nje unaweza kunyeshewa kabla tabaka halijashika. Maandishi kama "Jumanne, sebule tabaka la kwanza saa nne, la pili saa tano, manyunyu tangu asubuhi" hueleza peke yake kwa nini rangi ilikunjamana.

Ikiwa huwezi kufika kila siku, mpe keateka kazi hiyo na umlipe kitu kwa ajili yake. Mwelekeze apige picha tatu kwa siku kutoka mahali pale pale. Mwombe pia azitume kama faili wala si kama picha za kawaida za WhatsApp, kwa sababu WhatsApp huipunguza picha na kuiondolea taarifa za ndani zinazoonyesha ilipigwa lini na wapi. Picha asilia zibaki kwenye simu yake mpaka uzihamishe. Hakikisha pia kwamba mazungumzo yenu hayakuwekwa katika mpango wa ujumbe unaojifuta.

Nyumba ikiwa na mpangaji ndani, mwombe ruhusa kwa ujumbe kabla ya kupiga picha, na usiingize watoto, nyaraka wala kitanda chake kwenye picha. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019, na hata bila sheria hiyo, hakuna anayependa chumba chake cha kulala kizunguke kwenye simu za watu.

Fedha

Kwa malipo, M-Pesa ni karani mzuri lakini mwenye maneno machache: huandika kiasi, saa, jina na namba ya muamala, haiandiki fedha zilikuwa za nini. Kila unapotuma, fuatisha ujumbe mmoja wenye namba ya muamala na maelezo: "Hizi ni za awamu ya pili, baada ya kukagua andakoti ya jikoni na korido." Usilipe kwa fedha taslimu, na ukilazimika, fundi atie sahihi kwenye daftari. Awamu ya mwisho, mimi huzuia asilimia kumi mpaka msimu mmoja wa mvua upite. Wapo mafundi wanaokataa, na siwalaumu, kwani wamezungushwa na wenye nyumba waliozuia fedha na kupotea. Hao huwaandikia tarehe kamili ya malipo, na tarehe ikifika nalipa.

Kasoro ikitokea

Usianze kwa kupiga simu ya hasira. Simu haibaki. Andika ujumbe siku ile ile ulipoiona kasoro, ueleze mahali, ukubwa na tarehe, uambatanishe picha yenye rula au sarafu ya kuonyesha kipimo, na umpe fundi siku za kuja kuitazama. Eleza unachokiona bila kutoa hukumu. "Rangi imebanduka ukuta wa kaskazini wa jikoni, sentimita 40 kwa 25, chini ya dirisha" ni kumbukumbu. "Umeniharibia nyumba" ni ugomvi, na siku ya kusomwa mbele ya mtu wa tatu utatamani usingeuandika.

Kabla ya kukarabati, okota kipande kilichobanduka na ukitazame mgongo wake. Kikitoka na rangi ya zamani inayong'aa, tatizo ni rangi ya zamani kutoshika ukutani. Kikiwa na unga mweupe, tafuta unyevu na chumvi ya plasta. Kikiwa ni rangi mpya peke yake, iliyoachana na uso laini wa glosi, hapo fundi ana la kujibu. Kitie kwenye bahasha, andika mahali kilipotoka, na ukipige picha pande zote mbili. Rudia jaribio la nailoni, kwa kuwa bomba la bafu la jirani wa juu linaweza kuwa limeanza kuvuja baada ya kazi, na haifai kumdai fundi maji asiyoyaleta.

Mpe nafasi ya kurekebisha, na uandike kwamba umempa. Akikataa au akinyamaza, tafuta makadirio ya maandishi ya mafundi wengine wawili ya kurudia sehemu iliyoharibika tu. Hayo ndiyo yatakayoonyesha kiasi cha hasara yako. Ukipaka upya nyumba nzima kwa rangi ya ghali zaidi na kumdai fundi yote, umejidhoofisha mwenyewe.

Mpangaji na dipoziti

Ubishi mwingine wa rangi Nairobi huja mpangaji anapohama na kuambiwa dipoziti yake imeliwa na rangi. Hapa kumbukumbu zile zile hubadilisha upande, kwa kuwa wewe ndiwe unayedai. Siku ya kuingia, tembea nyumba nzima pamoja naye mkiwa na picha za kazi ilipomalizika, muandike hali ya kila ukuta, nyote mtie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Siku ya kutoka, rudieni kwa karatasi ile ile. Rangi iliyopauka baada ya miaka mitatu, au alama ya kochi ukutani, ni uchakavu wa kawaida. Michoro ya kalamu na misumari thelathini ni habari nyingine. Kama daftari lako linaonyesha ukuta ulipakwa mwisho mwaka 2019, sioni kwa haki gani mpangaji wa 2025 alipie ndoo nzima. Ukikata kitu, mpe stakabadhi ya rangi na ya fundi. Nambari tupu iliyotajwa na ajenti haitoshi.

Ikifika mahakamani, na muda wa kutunza

Dai dhidi ya fundi lisilozidi shilingi milioni moja linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Milimani mwaka 2021. Sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60, kwa hiyo hutapata miezi ya kukusanya vielelezo baada ya kufungua dai. Uende navyo tayari. Mahakama hiyo haifungwi na kanuni kali za ushahidi, lakini bado inafaa kuambatanisha hati inayoelezwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, ambamo unataja picha na ujumbe ulizochapisha zilitoka kwenye simu gani, ya nani, na zilitolewaje. Zipange kwa tarehe, uzipe namba, na weka mbele ukurasa mmoja wa mtiririko: tarehe, tukio, namba ya kielelezo. Katika hati yoyote niliyowahi kuandaa, ukurasa huo ndio uliosomwa kwanza.

Wapo wenye nyumba walioacha kutunza stakabadhi kwa kuwa ushuru wa mapato ya nyumba za makazi, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, hutozwa kwa kodi yote ya pango iliyopokelewa bila kutoa gharama za ukarabati. Kwa ushuru huo ni kweli stakabadhi ya rangi haipunguzi kitu, lakini fundi na mpangaji si mamlaka ya ushuru. Sheria ya taratibu za ushuru hutaka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, ilhali dai la kuvunja mkataba linaweza kufunguliwa hadi miaka sita tangu mkataba ulipovunjwa. Shika ule mrefu zaidi, uhesabu tangu malipo ya mwisho, na uongeze mwaka mmoja. Nakala moja ikae kwenye faili nyumbani na nyingine mtandaoni, mahali ambapo simu ikiibiwa kwenye matatu haitaondoka nayo. Juu ya kila bahasha mimi huandika nambari ya nyumba, mwaka wa kazi na mwaka wa kuitupa. Ya nyumba nambari 4 iliyopakwa 2024 imeandikwa 2031.